Susu ya Ubao wa Wakfu

Inasimuliwa kwamba katika zama za waja wema, mjini Basra, aliishi seremala mchamungu akiitwa Ghanim. Mola alimruzuku mtoto wa kiume, Labid, baada ya miaka mingi ya kuomba, naye akaenda soko la vikuukuu kutafuta mbao. Alipenda sana vitu vilivyotupwa na wenziwe. Mlango mbovu kwake ulikuwa meza iliyochelewa. Akauona ubao mpana wa msaji, umelainika kwa kupapaswa na viganja vingi. Akaununua, akaukata, akaunda susu ya kumlazia mwanawe.

Susu ilipendeza. Lakini mtoto kila alipolazwa humo alinyamaza ghafla, akanyoosha miguu, mikono ikalala ubavuni, macho yakatazama juu bila kupepesa. Akiinuliwa, mwili u baridi. Mbao nazo zilitota, ingawa hakuna aliyezimwagia maji. Mtoto akazidi kufifia, hata akaacha kunyonya, na wazazi wakaingiwa na hofu kubwa.

Mchana mmoja mkewe, Bibi Rayhana, aliinamia susu, akanusa, akarudi nyuma.

"Baba Labid, hii ni karafuumaiti. Naijua, nilimwosha mama yangu. Wewe hukuisikia sokoni?"

Ghanim akainamisha kichwa. "Niliisikia. Uzuri wa ubao ukanifanya nijitie hamnazo."

"Basi umemlaza mwanangu juu ya ubao wa kuoshea maiti. Urudishe."

Aliona haya mno, kwani watu wangemwita mwizi wa wafu. Hata hivyo aliifumua susu, akajitwisha mbao hadharani mpaka msikitini. Mwosha maiti alikuwa amesimama mlangoni, kana kwamba anamngoja.

"Tangu wakfu huu uibwe," akasema, "maskini tunawaosha juu ya udongo. Kuna mgeni humu ndani tangu asubuhi. Kila tukitaka kumwosha anakuwa mzito, hageuziki."

Ghanim akaungama mbele ya jamaa, kisha akaziunga mbao kwa mikono yake. Maiti akainuliwa bila taabu, akaoshwa, akasitiriwa. Ghanim alipokaribia nyumbani alimsikia mwanawe akililia ziwa kwa nguvu zake zote, na Bibi Rayhana akicheka huku machozi yanamtoka.

Ndugu zangu, Ghanim hakuiba wala hakumdanganya mtu. Alisikia harufu ya haki ya wengine, akageuza uso. Mola atujaalie tuulize kabla ya kubeba, maana wenye haki huenda hawana tena kinywa cha kudai.