Kindi Alivyomkopesha Dubu Midomo

Haya, sogeeni. Njooni hapa kwenye ngazi, barafu hiyo mnayoikalia itawagandisha makalio. Mapendo, hebu shusha bango lako, hakuna anayelisoma sasa hivi. Maandamano hayajaanza, tunawangoja watu wa mtaa wa juu, na watu wa mtaa wa juu hawajawahi kufika mapema tangu tuingie nchi hii. Mimi miguu inaniwasha. Kusimama pahali pamoja siwezi, nitasimulia huku natembea, nanyi mnifuate kwa macho.

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mto!

Uko wapi?

— Umefungwa!

Kaufunga nani?

— Mwenye tumbo!

Ataufungua nani?

— Mwenye mkia!

Vizuri, hamjasahau. Nani huyo kasema Sungura? Sungura hayumo leo. Kila siku yeye, kila siku yeye, mwacheni naye apumzike.

Basi, hapo kale, katika msitu wa nchi hii hii ya baridi, aliishi Dubu. Dubu mkubwa, akipita njiani miti inampisha. Akila, anakula. Akimaliza kula, anakula tena. Dubu wa huku theluji ikianguka huingia pangoni akalala mpaka majani yachipue, na kulala na njaa hawezi. Haya, hilo si kosa, kila mtu na tumbo lake. Ila mwaka ule Dubu aliona kuwakimbiza samaki mtoni ni kazi. Akataka samaki wasipite, wamngoje yeye.

Akawaita Mbwa Mwitu, askari wake. "Leteni mawe." Kabla hajafunga mdomo, tifu tifu tifu, mawe haya hapa. "Pangeni." Kacha kacha kacha, wakapanga. Mto ukakatwa kule juu, maji yakatuama mlangoni kwa Dubu, na samaki wakajaa kama maharage sufuriani. Huku chini mto ukawa matope. Matope yakawa vumbi.

Wanyama wa chini wakaanza kuhama kwenda mto wa pili, ng'ambo ya mlima. Mwenye mabawa akaruka, mwenye miguu akapanda. Mama Kulungu hakuhama. Alikuwa na mapacha, vitoto vya juzi juzi vilivyozaliwa nje ya msimu, miguu kama njiti za kiberiti, ukivisimamisha, vinakaa. Mlima haviuwezi. Kila alfajiri mama yule alilamba umande kwenye majani, akarudi kuwalambisha wanawe ulimi. Umande! Mtu anaishi kwa umande? Maziwa yakaanza kumkauka.

Unasemaje, Byaombe? Si wangengoja theluji wale theluji? Kula wewe theluji kutwa nzima, halafu uje uniambie kama umeshiba. Theluji ndiyo hasa iliyokuwa ikiogopwa. Theluji ikianguka, Dubu analala. Dubu akilala, hakuna wa kumwamsha, na mto unabaki umefungwa mpaka majani mapya. Mapacha wale majani mapya wasingeyaona.

Sasa, juu ya mti aliolala chini yake Mama Kulungu, aliishi Kindi. Kindi mnamjua, mnamwona kila siku huko bustanini: mkia mkubwa kuliko mwenyewe, na hatulii. Anakula huku anakimbia, anafikiri huku anakimbia. Alipokuwa akila matunda ya mti, nusu yalimponyoka, na yaliyomponyoka ndiyo yaliyokuwa chakula cha Mama Kulungu. Ujirani wao ulikuwa huo. Kindi akatazama chini, akawaona mapacha wanalamba jiwe kavu. Roho ikamuuma, kweli ikamuuma. Akateremka mbio, chwa chwa chwa.

"Shoga, twende kwa Dubu."

"Tukamwambie nini?"

"Tutajua tukifika."

Wakaenda. Kicheche naye akafuata, yule mwenye harufu yake. Wakamkuta Dubu kajilaza, mgongo unachezewa na maji.

Mama Kulungu akapiga magoti. "Mzee, wanangu wanakufa kiu. Ondoa jiwe moja tu."

Dubu akapiga mwayo, aaauuu. "Mmeniletea nini? Mkono mtupu haulambwi."

"Hatuna kitu, mzee."

"Basi mto ni wangu, na samaki ni wangu. Nimesema. Neno langu likishatoka halirudi. Mimi si ng'ombe, sicheui." Mara pua ikamcheza. "Na huyu anayenuka nani? Mtupeni miibani mkim..."

Puu! Kicheche alishatua miibani.

"Ala! Sijamaliza!" akafoka Dubu. "Nilitaka kusema, mtupeni miibani mkimwona tena!"

"Umeshasema, mzee," wakajibu Mbwa Mwitu. "Sisi tunasikia mdomo wako tu. Yaliyo kichwani hatuyasikii."

Mama Kulungu alirudi analia. Kindi alirudi nyuma yake, kila hatua anageuka kuwatazama Mbwa Mwitu.

Basi wanyama waliobaki wakaitisha mkutano. Eee, mkutano! Mnaijua mikutano ya huku. Bata Bukini akachaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya shingo. Kupiga makofi hakuna, ukikubali unanyanyua mikono na kutikisa vidole. Asiye na vidole atikise alichonacho. Bata akatikisa mabawa. Kicheche akatikisa mkia, mkutano wote ukakimbia. Wakarudi, wakaanza upya. Bango liwe la kijani au la bluu? Wakabishana. La kijani. La bluu. Anayesema atangulie mdogo au mkubwa? Wakabishana. Mama Kulungu kakaa pembeni, anayageukia mawingu kila mara. Mawingu yameshaanza kuwa meupe.

Kindi akaruka juu ya kisiki. "Jamani! Nyinyi mtabishana rangi mpaka bango liwe sanda! Twendeni mtoni!"

Wakaenda. Bango likawa nusu kijani, nusu bluu.

Tembea tembea, simama. "Mto wa nani?" "Wetu!" Tembea tembea, simama. "Mto wa nani?" "Wetu!" Walizunguka pango la Dubu hivyo, kwa ngoma na tarumbeta, kutwa kucha. Dubu kichwa kikamgonga. Akatoa amri: "Marufuku kelele karibu na mto, zinawatisha samaki wangu! Marufuku ngoma, marufuku tarumbeta, marufuku kipaza sauti, marufuku kunguruma! Atakayenguruma, awe nani awe nani, miibani!"

Mbwa Mwitu wakaipokea amri. Ngoma zikachukuliwa. Tarumbeta zikachukuliwa. Wanyama wakatazamana. Watasikizana vipi, umati wote ule?

Kindi akasema, "Hajapiga marufuku midomo. Mimi nitasema kidogo, kwa sauti ya chumbani. Walio karibu wakirudie hicho kidogo, pamoja, nao kwa sauti ya chumbani. Walio nyuma wawarudie wao. Nani atakuwa amenguruma?"

Hakuna. Ikawa hivyo. Kindi akisema, "Ndugu zangu," mbele wanasema, "Ndugu zangu," na nyuma kule, "Ndugu zangu." Maneno yakawa yanatambaa kutoka mdomo hadi mdomo. Mbwa Mwitu wanatega masikio, wanatafuta aliyepiga kelele, hawamwoni.

Wakazoea. Wakazoea kupita kiasi! Siku moja Kindi kasimama kisikini:

"Leo."

— Leo.

"Hatuondoki."

— Hatuondoki.

"Cha! Chaa!"

— Cha! Chaa!

"Si hivyo!"

— Si hivyo!

"Nimepiga chafya!"

— Nimepiga chafya!

"Jamani, acheni!"

— Jamani, acheni!

Mama Kulungu, pamoja na uchungu wake, akacheka. Kindi yeye hakucheka. Alikimbia kuuzunguka mti, akauzunguka tena, akakaa. Kumbe mdomo ukizoea kurudia, haungoji kichwa.

Siku ikapita. Chembe moja ya theluji ikaanguka, ikamtua Mama Kulungu puani. Pacha mmoja hakuamka kulamba ulimi wa mama. Anahema, lakini haamki.

Na huko pangoni, Dubu anataka kulala, halali. Macho mekundu, kichwa kizito. Akifumba macho anasikia miguu, tembea tembea. Akigeuka ubavu anasikia, "Wetu," "Wetu," "Wetu." Mwishowe akatoka nje, anayumba kwa usingizi. Akataka kuwaamuru waende makwao. Umati mkubwa, wa nyuma hawamsikii. Akavuta pumzi, akafungua kinywa angurume.

Mbwa Mwitu wakamshika mikono. "Mzee, miibani."

"Mimi?"

"Ulisema awe nani awe nani."

Dubu akafunga kinywa. Mkia wa Kindi ukaanza kucheza. Chwa chwa chwa, huyo juu ya kisiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Niondolee watu wako. Nina usingizi."

"Waambie mwenyewe, tutakukopesha midomo. Ila kwanza koo lifunzwe. Mimi natamka, wewe unafuatisha, na wao wanakurudia wewe. Ukishazoea, nakuachia useme ya kwako."

"Ya haraka haraka," akasema Dubu.

"Ya haraka haraka, mzee. Sema: Mimi Dubu."

"Mimi Dubu."

— Mimi Dubu.

"Ni mkubwa."

"Ni mkubwa."

— Ni mkubwa.

Lo, Dubu akaipenda. Kusikia ukubwa wako kwenye vinywa vya msitu mzima, nani hapendi? Akatabasamu, macho yakaanza kujifumba.

"Nina makucha."

"Nina makucha."

— Nina makucha.

"Nina askari."

"Nina askari."

— Nina askari.

"Askari wangu."

"Askari wangu..."

— Askari wangu.

"Ondoeni mawe."

"Ondoeni mawe..."

Jamani! Umati hata haujarudia, Mbwa Mwitu hao! Tifu tifu tifu! Wao husikia mdomo tu, ya kichwani hawayasikii. Jiwe la kwanza, gubu! La pili, gubu! Dubu kafumbua jicho moja. "Hee! Mnafanya nini? Sikusema mimi!"

— Sikusema mimi, umati ukarudia, mdomo ulishazoea.

"Rudisheni!" akanguruma Dubu. Naam, akanguruma, grrraaaa, mlima ukaitikia.

Mbwa Mwitu wakasimama. Wakatazamana. Hili la kurudisha ni amri, na huku kunguruma ni kosa. Kindi akawaokoa na mawazo.

"Askari, mzee alisema neno lake likishatoka halirudi. Yeye si ng'ombe, hacheui. Au leo amekuwa ng'ombe?"

"Si ng'ombe," wakasema Mbwa Mwitu.

"Na aliyenguruma?"

Puu! Dubu miibani. Kicheche alikuwa amekaa jirani na miiba ile makusudi, kainua mkia, anamkaribisha mgeni. Na mto, oo mto! Bubuji bubuji bubuji, ukateremka na samaki wake, ukapita kwenye vumbi, vumbi likawa matope, matope yakawa maji. Mama Kulungu hakushangilia. Alilowesha ulimi, akambandika yule mtoto mdomoni. Hakuamka. Akalowesha tena. Mtoto akalamba. Akalamba tena, akaufuata ulimi wa mama mpaka ukingoni kwa hiyo miguu yake ya njiti, na ndugu yake akamfuata nyuma, wakanywa, wakanywa mpaka matumbo yakawa duara. Kindi alikuwa juu ya tawi, anajifanya anachezea mkia, kumbe anafuta macho.

Dubu alitoka miibani, akaingia pangoni akilamba majeraha, akalala. Alilala njaa kidogo, hakufa. Tumbo lile lina akiba.

Mkutano wa kumshukuru Kindi uliitishwa, lakini mpaka leo wanabishana juu ya rangi ya bango.

Hadithi yangu imetiririka mpaka baharini. Ikiwa tamu, nyweni wote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Dubu pangoni.

Fundisho! Ngano bila fundisho wazazi wenu watanilaumu. Fundisho ni hili: mwenye nguvu mpishe. Kindi alikosa adabu. Mtu akikufungia mto, mwamkie, umwambie asante, urudi kwako ukalambe umande. Mwenye nyumba akikuzimia joto, jifunike blanketi unyamaze, asije akakosa usingizi. Nifuatisheni, mkawaambie na mama zenu. Watoto wazuri.

— Watoto wazuri.

Hukaa kimya.

— Hukaa kimya.

Hawaandamani.

— Hawaandamani.

Hiyo ngoma mnaisikia? Wamefika wale wa mtaa wa juu! Byaombe, funga kamba za viatu. Mapendo, inua bango, juu zaidi, alione mwenye nyumba yule pale dirishani. Haya, bado hatujamaliza. Sisi leo.

— Sisi leo!

Ni wabaya.

— Ni wabaya!

Twendeni.

— Twendeni!