Eda Ambayo Sikuikaa

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya mwaka juzi tu, siku ya Jumatano, mwezi ishirini na moja Shaabani, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mume wangu Twalibu alikufa mahali palipo mbali kupita mwezi. Saa hiyo mimi nilikuwa uani kwetu, hapa Kondoa, napepeta uwele. Sikusikia kitu. Nilimaliza kupepeta, nikafagia makapi, nikaingia ndani kulala kidogo, kwa kuwa nilikuwa na mimba ya miezi minne na jua lilikuwa kali.

Jamaa zangu mliokuja kwenye hitima hii, nitasema polepole. Nina swali, na peke yangu limenishinda.

Twalibu alikuwa sajini. Aliniambia anakwenda kulinda meli ya utafiti katika bahari ya kusini. Nilimwamini. Kumbe alipelekwa kwenye kituo cha siri huko angani, kuilinda dunia. Walikuwa watatu: Meja Nyoni, mwanamke wa Songea, aliyekuwa mkubwa wao, Koplo Zakayo, Mkristo aliyelelewa katika kituo cha yatima, na Twalibu wangu.

Waliokuwa wakizuiwa wasije ni viumbe ambao askari waliwaita Wasikizi. Hawana macho wala hawajui maneno yetu. Wanasikia ujumbe unaopita angani na kuhesabu ni wangapi wanaoutuma. Penye walinzi watatu hawasogei. Penye wawili wanaingia. Kwa nini watatu, sijui. Mungu ndiye aliyewaumba, naye anajua.

Kwa hiyo kila mlinzi alikuwa na ujumbe wake, na kila ujumbe una alama yake. Meja alituma amri. Zakayo hakuwa na mtu wa kumwandikia, basi alituma vipimo vya joto. Twalibu aliniandikia mimi. Barua zake zilikuja kwenye kisanduku kidogo cha jeshi, maandishi tu bila sauti, nami nilijibu kwa kisanduku hicho hicho.

Jumatano ile mlingoti wa kurushia ujumbe uliharibika na Wasikizi walikuwa karibu. Twalibu akatoka nje kuutengeneza kwa mikono. Akautengeneza. Alirudi mlangoni vazi lake limepasuka, na pumzi haikumtosha.

Mimi sikuambiwa. Barua ziliendelea kuja.

Ramadhani ikaja, nikasoma barua. Idi ikaja, nikasoma barua. Nilijipaka hina, nikafukiza udi, nikavaa kanga mpya. Wifi yangu Salima akanicheka: "Wifi, unanukia utafikiri mume yuko mlangoni anavua viatu!"

Nikamjibu, "Niache. Mume wangu akinitaja huko aliko, anikute ninanukia."

Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, nikajifungua mtoto wa kike. Mimba mbili za kwanza zilitoka, hii ilikaa. Nikamwandikia Twalibu: mtoto ni mzima, mpe jina. Jibu likaja baada ya siku mbili: "Mwite Rehema." Tukamwita Rehema, tukachinja, wanawake wakapiga vigelegele mpaka barabarani.

Kisha ikaja Ramadhani ya pili, na Idi yake. Siku ya Idi nikafungua kisanduku, nikasoma: "Mke wangu, leo ni sikukuu, nami nimefunga tangu alfajiri kwa ajili yenu."

Nikasoma tena. Amefunga siku ya Idi? Kufunga siku hiyo ni haramu, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Twalibu alikuwa akisomesha watoto hao.

Nilikaa kitandani na kile kisanduku. Nilijua. Ninyi ni watu wangu, sitawaficha: nilijua siku ile kwamba anayeniandikia si mume wangu. Lakini niliandika tena kama kawaida, na tena. Nikaeleza jino la mtoto, nikaeleza bei ya uwele. Majibu yakaja, nami nikayasoma kwa furaha, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya sana na yale yalikuwa maneno. Ilipita miezi miwili ndipo nikaandika: "Wewe ni nani?"

Safari hii jibu halikuja. Walikuja wao, Jumapili saa tatu asubuhi.

"Hodi hapa."

"Karibuni."

Meja Nyoni alikaa kwenye kiti. Zakayo alikataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Wakaniambia yote kama nilivyowaambia ninyi. Sikulia. Nilimwuliza kila mmoja swali moja.

Nikamwuliza Meja, "Mimi ni mjane, na mjane ana eda. Nani aliichukua eda yangu?"

Akasema, "Mama Rehema, niliichukua mimi. Nilimwamuru Zakayo aandike kwa alama ya Twalibu, barua zisikatike. Kama zingekatika, Wasikizi wangehesabu wawili, na leo hapa pasingekuwa na Kondoa wala mtoto. Ilibidi tungoje mpaka walinzi wengine wafike, na wamefika mwezi huu, ndiyo maana siri imeondolewa. Ujumbe usiojibiwa hawauhesabu, kwa hiyo kila barua uliyojibu ilimfanya Twalibu aonekane hai kwao. Ulikuwa mlinzi pamoja nasi."

"Mlinzi huulizwa kwanza kama anataka," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. "Ningekuuliza, ungelia. Ukilia huandiki."

Nikamwuliza Zakayo, "Nani aliichukua eda yangu?"

Akasema, "Shemeji, kwanza alikuwa Twalibu mwenyewe. Alinishika mkono pale mlangoni, akasema, 'Zaka, usimwambie Hidaya mpaka ajifungue. Mimba hii isije ikatoka nayo.' Nikamwahidi. Hilo ni lake."

"Na baada ya kujifungua?"

"Baada ya kujifungua ilikuwa amri ya Meja."

"Ni amri tu?"

Mtoto akatambaa, akamshika kidole cha mguu.

"Si amri tu," akasema. "Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyepata kuniandikia. Wewe ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nikimaliza zamu naisoma barua mara tatu, mara nne. Amri ilisema mistari miwili inatosha. Mimi nilikuwa naandika kurasa."

"Na jina la mtoto?"

"Ni la mama yangu. Ndicho kitu pekee chake nilichonacho. Sikuwa na jingine la kutoa."

Nikamwuliza walimzikaje. Akasema walimvika shuka nyeupe. Twalibu alikuwa akiswali ameielekea dunia, kwa kuwa Makka iko huku, basi Zakayo naye akamwelekeza huku. Akamsomea Alhamdu yote, kwa kuwa alikuwa ameisikia kila siku mpaka ikamkaa kichwani. Kisha wakamwachia Mungu. Hapo ndipo nilipolia.

Kesho yake nilikwenda kwa Ustadhi Hemedi. Nikamwambia, nataka kuanza eda leo.

Akanitazama kwa huruma. "Binti yangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, mwenyewe akijua asijue. Na mjane mwenye mimba eda yake huisha akijifungua. Yako ilikwisha siku ile mlipokuwa mnapiga vigelegele. Huna siku ya kukaa."

"Hata moja?"

"Hata moja. Lia, hakuna anayekukataza. Lakini eda huna."

Basi nikarudi nyumbani, mjane asiyekuwa na siku zake.

Kesho Jumamosi Zakayo anarudi juu, na huko watu hawarudi wote. Jana alikuja tena, akasimama uani. "Shemeji, nitolee neno moja kabla sijaondoka. Nisamehe, au sema hunisamehe, nijue." Nikamwambia angoje mpaka baada ya hitima. Anangoja hapo nje sasa hivi.

Twalibu alificha ili mtoto wake aishi, na mtoto anaishi. Meja alificha ili dunia ibaki, na imebaki, nanyi mmekaa humu. Zakayo alitimiza ahadi na amri, kisha akazidisha kwa upweke wake. Nami nilijua miezi miwili nikanyamaza, kwa upweke wangu. Nikimsamehe mmoja na kumwacha mwingine, nitakuwa nimesema nani alikosa zaidi, nami sijui.

Je, jamaa zangu, katika sisi wanne, ni nani aliyeichukua eda yangu? Na nikitoka nje sasa hivi, nimwambie nini?

Mkiwa bado mnafikiri, inueni mikono. Ewe Mola wetu, mghufirie Twalibu bin Athumani. Mpanulie alipolala, mahali ambapo sisi hatupajui na Wewe unapajua. Usimwache peke yake. Amina.