Bonde Lisilo na Ndege

Wapo watu wanaodhani kwamba neno linalozunguka kijijini bila mwenyewe ni upepo tu, huvuma na kupita. Wahenga hawakudhani hivyo. Hawakusema kwamba kila uvumi ni kweli. Walijua tu kuwa midomo ya wengi haineni jambo moja miaka nenda miaka rudi pasipo jicho la mtu kuona kitu.

Mwalimu Marita alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika Wilaya ya Rungwe. Kazi yake ilikuwa ya miguu: leo Kisiba, kesho kutwa Lupepo, mkoba begani na redio ya betri mkononi. Zamani alifundisha kusoma na kuandika. Mwaka huo wa 1992 watu walitaka zaidi. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, wanunuzi binafsi walipanda hadi mashambani kutafuta maharage, na redio ilikuwa imetangaza kusambaratika kwa dola ya Kisovieti. Kila alikopita aliulizwa swali lile lile: dola yenye makombora imeangukaje bila kupigwa? Alilitafakari swali hilo njiani, akipanda na kushuka vilima, mpaka akapata jibu lake mwenyewe: mkubwa haangushwi na uhaba wa nguvu, huangushwa na uhaba wa masikio.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ikiuma kama meno ya panya, alikuwa akienda kijiji kimoja juu ya Lufingo. Njia ya mkato ilimpitisha katika bonde dogo la duara, lililozama ardhini kama sufuria. Alikuwa amefika katikati alipogundua kwamba hasikii ndege. Nyasi zilisimama bila kutikisika. Njiwa wawili walilala ubavu kwa ubavu, mabawa yamekunjwa vizuri, hawana jeraha. Hakukuwa na nzi juu yao, wala siafu. Mdomoni mwake ukaja uchachu, kifua kikabana, na akahisi kana kwamba mtu amesimama nyuma yake akivuta pumzi polepole. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Akapanda kilima mbio.

Wenyeji waliliita bonde hilo Kimyani. Walisema chini yake amelala mtu, naye akivuta pumzi, aliye juu hupungukiwa na yake.

Mwenyekiti wa kijiji, Ambwene, hakutaka kuyasikia hayo. Alikuwa kiongozi mchapakazi na watu walimpenda. Ndiye aliyewaletea bomba la maji na kuezeka madarasa. Sasa alikuwa amempata mnunuzi kutoka Mbeya aliyeahidi kujenga ghala iwapo angepewa kiwanja tambarare. Kimyani ndipo mahali pekee palipokuwa tambarare bila migomba, na vijana walikuwa waanze kuchimba msingi kesho yake.

Alasiri ile, shuleni, Mwalimu Marita alizungumza juu ya wakubwa wa Ulaya ya Mashariki waliosikia manung'uniko katika foleni za mikate wakayaita porojo. Alipomaliza, Agness, mjane ambaye ndama wake aliingia Kimyani akalala asiamke, aliuliza kama habari hizo zinawahusu wakubwa wa mbali tu. Ambwene alisimama taratibu.

"Mwalimu, wewe ni msomi. Waambie hawa kwamba hakuna shetani Kimyani, kesho vijana wakachimbe."

"Habari za shetani sizijui, Mwenyekiti," Marita alijibu. "Lakini leo nimepita pale. Mwaka 1986, huko Kamerun, ziwa la mlimani lilitema hewa nzito isiyoonekana. Ilitambaa mabondeni, na watu zaidi ya elfu moja na mia saba hawakuamka. Milima yetu nayo ilizaliwa na moto, na huenda hewa kama hiyo hutoka pale na kutuama pasipo upepo. Watu wakisema jambo moja miaka yote, usiwaulize wanaamini nini. Waulize wameona nini."

Uso ulimwiva Ambwene. Alisema kwamba mnunuzi hasubiri, na ghala likienda kijiji kingine maharage yataoza kama mwaka uliopita. Kisha akatamka kuwa kiongozi hutangulia: yeye mwenyewe angeshuka asubuhi, kabla ya vijana.

Kulipokucha, kijiji kizima kilijipanga ukingoni. Upepo ulikuwa umekufa. Hellen, mke wa Ambwene, alikuja na kamba ya ng'ombe.

"Baba Lwitiko, kama hunisikii mimi, basi wasikilize watoto wako. Jifunge hii."

Alicheka, lakini akajifunga, vijana wakashika ncha ya pili. Akashuka na jembe begani, mbwa wake akimfuata kwa furaha. Karibu na sakafu ya bonde mbwa alipunguza mwendo, akajizungusha kama anayetafuta pa kulala, akalala. Ambwene hakumwona. Aliwapungia mkono watu wa juu, akapiga jembe mara chache, sauti yake ikipanda shwari, akisema kwamba hapa hakuna kitu, hakuna kitu. Akainama kuokota jiwe. Hakuinuka.

Kijana mmoja alitaka kuruka ndani, Marita akamkamata shati na kumwambia angekuwa maiti ya pili. "Vuteni," alisema. Wakavuta. Mwili ulikuja ukiburuzika juu ya nyasi, mzito kama gogo, midomo imebadilika rangi. Walimpepea, wakamkandamiza kifua, Hellen akiomba kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini, mpaka akakohoa.

Mbwa hakuamka.

Jioni Ambwene aliweza kuketi. Alieleza kwamba hakuona kitu wala kuumia. Alisikia uchachu mdomoni, kisha usingizi mtamu, na ndani ya usingizi ule hakutaka kuitwa na mtu yeyote.

Siku iliyofuata aliitisha mkutano. Hakuhutubia. "Niambieni yote mliyokuwa mkiniambia," alisema, akaketi chini. Walizungumza mpaka jua likazama: juu ya Kimyani, na juu ya mengine mengi waliyokuwa wameacha kuyasema. Mwishoni Agness alijitolea kipande tambarare cha shamba lake la migomba, na ghala likajengwa huko, mlimani, penye upepo.

Mwalimu Marita aliendelea na safari zake. Hata leo, asubuhi isiyo na upepo, wapitao juu ya Kimyani hunyamaza na kuongeza mwendo, wala hakuna kiongozi anayewacheka. Kwa maana wamejua kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.