Pimbi na Kitufe cha Nakubali

Hapo zamani za kale, zamani zile wanyama walikuwa na kompyuta na bado wakilala na kiu, palikuwa na mji ulioitwa Mwambani. Kaeni vizuri wanangu, na msianze kucheka mapema.

Mwambani palikuwa na kisima kimoja chenye pampu. Ili watu wasipigane, pale kisimani iliwekwa kompyuta, na ndani yake programu ya kuita zamu. Ting! "Zamu ya Nyati." Ting! "Zamu ya Twiga." Aliyeitwa alijaza ndoo yake akaenda zake. Programu ilikuwa ya Bwana Kiboko, na hakuna aliyejua ndani yake mna nini. Walichojua ni kwamba katika kila majina kumi, jina la Kiboko liliitwa mara nne.

Aliyeumia zaidi ni Pimbi. Mnamjua pimbi, kale kanyama kadogo ka miambani, kasiko hata na mkia wa kujivunia. Aliishi na mama yake mzazi, mzee aliyepofuka, na siku nyingi jina lake liliitwa wakati pampu imeshakauka.

Akaenda kwa Kiboko. "Bwana Kiboko, naomba unionyeshe programu yako inavyopanga zamu."

"Ndani ya programu ni chumbani kwangu," Kiboko akasema. "Wewe huwa unaingia vyumbani mwa watu?"

"Lakini tunakufa kiu, bwana."

"Si mlikubali masharti? Kurasa arobaini, na chini yake mkabonyeza Nakubali. Mlisoma?"

Pimbi akageuka aende zake. Hakusoma. Hakuna aliyesoma. Ila njiani akirudi alijiuliza: Je, Kiboko mwenyewe husoma?

Basi akapanda mwambani, akaanza kuandika programu yake. Ta-ta-ta, ta-ta-ta, miezi saba, vidole vikavimba. Alipomaliza aliiweka kisimani pamoja na maandishi yote ya ndani, mstari kwa mstari, kila mtu ayaone.

"Hii ni huru," akatangaza. "Ichukueni, ifungueni, irekebisheni, mpeni na jirani."

"Kwa hiyo ni bure?" akauliza Mama Twiga.

"Ni huru."

"Nimekusikia, dada. Bure."

Masikio ya Twiga yako juu sana, labda lile neno lilichoka njiani. Lakini na wengine walilishika hilohilo la Twiga, na mji mzima ukaita kazi ya miezi saba kitu cha bure.

Kiboko alipoona watu wameihama programu yake, akaja mwenyewe. "Na mimi naruhusiwa kuchukua?"

"Yeyote anaruhusiwa," Pimbi akasema. "Ila kuna sharti, mstari mmoja tu. Nimeliandika kwa herufi kubwa. Soma kwanza, Bwana Kiboko, ndipo ubonyeze."

"Masharti huwa nayaandika mimi. Kuyasoma ni kazi ya watu wadogo." Akanyanyua kidole chake kinene, tap! Nakubali. Akaondoka na programu. Pimbi alimtazama mpaka alipopotea, akasema moyoni, haya.

Wiki mbili hazikuisha, Kiboko akaleta programu mpya inayoitwa Maji Kiboko. Ilikuwa na maua kwenye kioo, na kila zamu iliitwa kwa ngoma, ti-ti-pa! "Hii ni kiboko yao," watu wakasifu, wakaiacha ya Pimbi kama walivyoivamia. Ndani ilikuwa imefungwa tena. Na sasa, katika majina kumi, Kiboko aliitwa mara tano. Midomo ya mama yake Pimbi ikaanza kupasuka.

Pimbi akaitisha baraza. Nyati akakaa kama mwenyekiti.

"Bwana Kiboko ameichukua kazi yangu akaifunga," Pimbi akasema.

"Uongo," Kiboko akasema. "Hii nimeiandika mwenyewe kwa jasho langu."

"Mama Twiga, programu yangu ilikuwa inakuitaje?"

"Twigaa. Tena nilikulalamikia, dada, umeniongezea a moja."

"Kweli, kidole kiliteleza. Na hii ya Bwana Kiboko inakuitaje?"

Twiga akawaza. Akameza mate, na mate ya twiga yana safari ndefu. "Twigaa," akasema polepole.

Baraza likamgeukia Kiboko. Nyati akaagiza lile sharti la Pimbi liletwe, akalisoma mwenyewe: "Atakayeibadilisha kazi hii na kuwapa wengine, awape na ndani yake, wazi, kama alivyopewa yeye."

"Mimi nilibonyeza tu," Kiboko akasema.

"Kubonyeza ndiko kukubali," Nyati akasema. "Wewe mwenyewe ulitufundisha, kwa zile kurasa zako arobaini."

Ikafunguliwa. Chini ya maua wakakuta mistari mitatu: Kiboko akija, mpe. Akiondoka, mwite. Akichelewa, mngojee. Watu walimzomea, naye akajitumbukiza chubwi kwenye bwawa alilolijaza kwa zamu zao, yakabaki masikio tu.

Mngependa niishie hapo. Na mimi ningependa, lakini ningekuwa nawadanganya.

Pimbi akaifuta mistari mitatu pamoja na maua na ngoma, zamu zikawa sawa, kila mtu mara moja. Halafu wakaanza. "Pimbi, programu imekwama." "Pimbi, maua yamekwenda wapi? Tulishayazoea." Pimbi aliwaambia, "Maandishi yako wazi. Njooni niwafundishe mrekebishe wenyewe." Wakamwambia, "Sisi? Si wewe upo?"

Siku moja programu ilikwama tangu alfajiri. Pimbi akashinda nayo mpaka jua la utosi, na foleni nyuma yake ikisonya. Ilipopona ikaita zamu kumi mfululizo, na katikati yake, ting! "Zamu ya Pimbi." Ndoo yake ilikuwa nyumbani. Akakimbia mwambani, pata-pata-pata, akarudi nayo, akakuta zamu imepita na pampu inakohoa hewa.

"Mama Twiga, nigawie kidogo. Mama hajanywa tangu jana."

Twiga aliitazama ndoo yake iliyojaa. "Ningekupa, dada. Lakini utaratibu ni utaratibu, na aliyeuandika ni wewe."

"Mzee Nyati?"

"Tukianza kupendeleana," Nyati akasema, "tutakuwa na tofauti gani na Kiboko? Na siku nyingine usichelewe kurekebisha. Tumengoja tangu alfajiri."

Pimbi akarudi na ndoo tupu. Mama yake alisikia inavyogonga jiwe, hakuhitaji kuuliza.

"Ifunge hiyo programu, mwanangu," mama akasema. "Wakiitaka, waje na maji."

"Nikiifunga nitakuwa Kiboko, mama."

"Na ukiiacha wazi utakuwa nani?"

Pimbi akainuka. Alichukua jembe, akashuka korongoni kuchimba mchanga mkavu, huenda chini kukawa na unyevu. Shimo lilikuwa limemfika magotini aliposikia watu wanamwita kutoka kisimani. Imekwama tena.

Wanangu, ukipewa kitu huru usikiite bure, maana kuna aliyekilipia kwa kiu yake.