Jina Aliloliacha Kabula

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana hii sirudii.

Kituo kimoja cha afya kilikuwa na wanawake watatu. Nesi Nyamizi alijaliwa subira. Mwasiti wa maabara alikuwa na mkono wazi. Angekupa hata khanga aliyojifunga. Daktari Eliwaza alijaliwa ukweli, na watu walimwogopa kwa hilo.

Siku moja mwanamke aitwaye Kabula akajifungua hapo mtoto wa kike, damu ikagoma kukata. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji, kama kawaida yake.

Nyamizi alimkanda tumbo kwa mikono miwili, kuizuia damu, kwa saa tatu nzima. Viganja vikafa ganzi, hakuachia.

Mwasiti alifungua jokofu la damu, akakuta tupu. Akapima yake, ikaoana. Akalala kwenye benchi, akasema, "Nitoeni." Ikapatikana chupa moja. Zilihitajika nne.

Eliwaza aliinama. "Mdogo wangu, sikudanganyi. Jioni hutaiona. Nani atamlea huyu?"

"Dada yangu, Minza. Siyo baba yake, alinifukuza kwa mateke." Kabula akaomba simu.

Sasa, kwao mabaya hayasemwi kwenye simu. Kabula alisema tu, "Dada, nimejifungua. Njoo." Minza akapiga vigelegele. Akainjika uji wa pilipili manga, uji wa mzazi, akausubiri uive, akaujaza kwenye chupa ya chai, ndipo akatoka. Uji, jamani!

Alipofika, Nyamizi bado anakanda, damu ya Mwasiti inaishia kwenye mpira wa dripu. Kabula akamwonyesha mtoto kwa macho.

"Wako, dada. Mpe jina la aliyenifikisha saa hii."

"Yupi kati yao?"

Kabula akafumba macho. Alikuwa ameshakwenda.

Leo kitovu kimedondoka, na kwao siku hiyo mtoto lazima apate jina. Asubuhi Minza alirudi kituoni kuuliza. Nyamizi akasema, "Mimi si nilishindwa?" Mwasiti akalia tu. Eliwaza akasema, "Nilimwambia atakufa. Hilo nalo la kupewa jina?"

Minza yuko nyumbani, mtoto mapajani. Chupa ya uji iko mezani, haijafunguliwa tangu siku ile. Angeuacha uji ule mbichi, Kabula angekuwa na pumzi ya kutaja. Jua linashuka, na wazee wameshakaa mkekani.

Bila mikono ya Nyamizi, Kabula asingemsubiri dada yake. Bila damu ya Mwasiti, hiyo mikono ingekanda maiti. Bila ulimi wa Eliwaza, Minza asingeitwa. Akipungua mmoja, mtoto yuko kwa yule wa mateke. Na wote watatu hawakumwokoa mama yake.

Usiniambie apewe majina yote matatu. Marehemu aliomba moja.

Haya, ninyi wepesi wa kujibu: ungekuwa Minza, na wazee wanakutazama mdomoni, ungemwita nani?