Udongo wa Miguuni kwa Tembo

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa wakilima migomba, Tembo alikuwa mkaguzi wa mashamba. Kila wiki alipita, pu, pu, pu, kutoka shamba hili hadi lile, na alikopita migomba ilianza kunyauka.

Majani ya chini yaligeuka manjano, yakavunjika, yakaning'inia kama sketi chakavu. Ukikata shina, ndani lina michirizi ya kahawia. Shamba la Tembo peke yake lilinawiri.

Tembo akatangaza kwamba mchawi ni Fuko, mama mjane aishiye chini ya ardhi. Nani mwingine anashinda na mizizi? Akampa hadi Ijumaa ahame na watoto wake.

Fuko alijitetea. Alieleza kwamba muuaji ni ukungu, mdogo kuliko vumbi. Huingia mzizini, hupanda shinani na kuziba njia za maji hadi mgomba ufe kwa kiu. Mgomba ukioza, ukungu hurudi udongoni, hujifunika gamba gumu na kulala miaka na miaka, ukisubiri mzizi mwingine, au mguu wa kuubeba. Nyati alicheka hadi akapaliwa. Mjane anasema ukweli, wao wanacheka! Inaniudhi hadi leo.

Sange, kale kanyama kadogo kenye pua ndefu, hakucheka. Ijumaa, Tembo akiwa mlangoni kwa Fuko, tope limemjaa miguuni na umati umemzunguka, Sange akaja mbio.

"Mheshimiwa, mnasubiri bure. Fuko keshachimba njia hadi shambani kwako. Nimemsikia, kwaru kwaru, chini ya migomba yako."

Tembo akatimka, umati nyuma yake. Langoni kwake akasimama ghafla, akavuta karai la maji.

"Unaosha miguu saa hizi?" Sange akauliza. "Mchawi anakutoroka, baba."

"Niingie na tope la kule, niue migomba yangu? Una akili wewe?"

Hata Nyati aliacha kucheua.

"Kumbe ulijua," Sange akasema. "Na kwetu ulishindwa nini kuosha?"

"Mashamba yenyewe arobaini. Nani ana muda wa kuosha miguu minne kila lango?"

Siku ile ile wakamvua ukaguzi. Fuko akafungua mizigo yake, akarudisha vyungu jikoni. Lakini ukungu bado umelala katika mashamba yale arobaini, na Tembo hajaomba radhi.

Mkubwa anayejua kosa ni lake, kisha akamtwika mnyonge, huyo ni ugonjwa mbaya kuliko ukungu.