Chai ya Wifi

Wapendwa, kabla hatujasimama kuimba, nisikilizeni kidogo. Mjane mmoja alikuwa hasemezani na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Siku ya matanga alimwambia mbele ya watu wote, "Chai zako za vijiko vitano vya sukari ndizo zilizommaliza kaka yako." Wifi aliokota sufuria yake akaenda zake, na kwa miaka mitatu wakawa wanapishana mlangoni mwa kanisa bila salamu.

Kumbe ugonjwa wa sukari uliomchukua mume ulimfuata na mke. Akawa mtu wa kuchoma sindano kila asubuhi, na hapo ndipo maneno yale yalipoanza kumuuma. Alimkumbuka wifi yake, jamani. Jumapili moja akaamua kufunga, amwombe Mungu amrudishie wifi huyo. Akachoma sindano kama kawaida, kisha hakutia kitu mdomoni. Mmeliona kosa?

Mwili una utaratibu wake, ndugu zangu. Tukila, kongosho huagiza sukari iwekwe akiba, nyingine ndani ya ini. Tukikaa na njaa, huagiza tena: toa! Nalo ini hutoa. Lakini dawa ya sindano ile ilikuwa inasema weka, weka tu, na hakuna kilichoingia tumboni.

Katikati ya ibada mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamlowesha kitambaa cha kichwa. Watu wakadhani maombi yamemkolea. Mmoja tu aliitambua hali ile, maana alimuuguza kaka yake. Wifi akakimbia jikoni kwa akina mama, akarudi na kikombe.

"Wifi, kunywa. Sukari yako imeshuka."

"Nimefunga," mjane akasema, ulimi mzito.

"Kunywa kwanza, Mungu utamweleza baadaye." Wifi akamsogezea kikombe. "Ni chai yangu ileile, ya vijiko vitano. Naogopa kukupa, lakini leo ndiyo dawa."

Mjane akanywa mpaka tone la mwisho. Macho yalipomrudia vizuri, akaushika mkono wa wifi, asiuachie. "Wifi yangu, nisamehe. Nilifunga kwa ajili yako."

Mnasikia? Jibu la maombi limesimama mbele yake na kikombe mkononi, naye anasema amefunga!

Na sisi je? Kuweka tunajua sana. Neno la matanga ya mwaka juzi tunalo, halijapungua hata herufi. Ni ile sauti ya kusema toa ndiyo tumeizima. Wewe unayechoma sindano, usifunge kabla hujazungumza na daktari wako, hilo nalisema wazi. Na wewe uliyekuja leo kumwombea mtu msiyesemezana, mtu huyo yuko benchi la tatu, nimemwona akiingia. Sisi tutaimba. Wewe usiimbe, nenda kamsalimie.